Dakika ya Kumi na Nne

Buswelu, Mwanza
Jumamosi jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba Mungu barua hii ikukute umeketi vizuri, mguu umepungua kuvimba, na mvua za huko Ukerewe zimekuachia angalau siku moja ya kuanika mihogo. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mashimba anakusalimu sana, anasema wale dagaa uliotuletea wameisha na kwamba yeye hakula peke yake, nisimsingizie. Na mjukuu wako Queen je? Lile jino la juu limetoka? Bado anaukataa uji mpaka apondewe ndizi? Analala upande gani wa kitanda? Naomba usinijibu kwa simu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini mama, wewe ukipokea simu unaweka sauti kubwa. Mama Maige anasikia, wanaopita kwenda kisimani wanasikia, halafu wote wananijibu kwa pamoja. Haya ya leo nataka uyasome peke yako kwanza, ukishamaliza utaamua mwenyewe nani wa kumwambia. Nimempa Jonathan, yule jirani yetu anayepeleka nyanya Nansio, akuletee mkononi. Asikudanganye kwamba ana haraka, mpe maji ya kunywa.

Mama, siwezi kukaa. Toka uondoke na Queen, wiki ya tano sasa, sijui nimekuwaje. Nafagia uwanja asubuhi, saa nne nafagia tena na hakuna jani lililoanguka. Nikimaliza kupeleka maziwa Mirongo sirudi moja kwa moja kama zamani, nazungukia ufukweni pale feri inapoonekana, nasimama na baiskeli na madumu matupu, naitazama mpaka inakuwa kidoti. Siku moja mzee mmoja muuza samaki aliniuliza nimepoteza nini majini. Nikamwambia nasubiri upepo. Akanitazama kama mtu asiye na akili timamu.

Sasa nianze mwanzo, maana mengine nilikuambia juujuu.

Unakumbuka siku ya Nanenane nilivyoshinda mbio za baiskeli za wanawake, kwa hii hii baiskeli yangu ya maziwa. Nilikuambia nilipewa dumu la mafuta ya kupikia, ukacheka ukasema angalau miguu yangu imejua kukaanga. Sikukuambia kwamba baada ya mbio alinifuata kijana wa Kihindi anaitwa Jitesh. Ni mjukuu wa mzee Mohanlal, mwenye duka la vipuri vya baiskeli Mirongo, ambako Mashimba hununua tairi zetu. Jitesh mwenyewe anaendesha, ana miguu myembamba kama korongo, na ana chama cha waendesha baiskeli. Akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia nimefundishwa na madumu mawili ya lita ishirini na mlima wa kutoka Buswelu. Akasema kama ni hivyo anataka kujua nguvu yangu ni kiasi gani.

Mimi nilidhani atanipa kitu ninyanyue. Kumbe kuna mashine. Ipo stoo, nyuma ya duka. Wanatoa tairi la nyuma la baiskeli, wanaifunga pale, unaendesha na huendi popote. Ukikanyaga, mashine inahesabu, na programu iliyo kwenye simu yake inaandika. Inaandika kwa wati, mama, zile zile za balbu. Ukikanyaga kidogo unaona sitini, balbu moja ya chumbani. Ukikaza unaona mia mbili. Mashimba nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini, na kesho yake kule kiwandani kwenye samaki wenzake wote walishajua, wanamuuliza mke wake anawasha balbu ngapi. Akaniambia umeme ukikatika atanifunga waya.

Hiyo programu inatafuta namba moja tu. Siyo ile ya kukaza kidogo ukachoka, hapana. Ni ile nguvu ambayo mtu anaweza kuishika saa nzima asishuke. Jitesh anaiita kizingiti. Ukiwa chini yake unaenda, ukiwa juu yake unahesabiwa dakika zako. Kila mtu ana yake, na ukishaijua, programu inakupangia mazoezi ya kuisogeza juu. Kuipata haihitaji saa nzima. Unapasha misuli moto, halafu unaendesha dakika ishirini kwa nguvu zako zote, lakini kwa akili, usimalize zote mwanzoni. Programu inachukua wastani wa zile dakika ishirini, inatoa sehemu tano katika kila mia, inayobaki ndiyo wewe. Lakini lazima ziwe ishirini. Ukishuka kabla, haikupi namba yoyote, inafuta kama vile hukuja.

Na hii haikuwa michezo tu. Kuna timu ya wanawake inaundwa, itakaa kambini Arusha miezi mitatu, chakula na malazi juu yao, na mtoto anayenyonya anaruhusiwa kwenda na mama yake. Mwalimu wa timu yuko huko huko Arusha, hawezi kuzunguka kila mkoa, kwa hiyo anachagua kwa namba anazotumiwa. Kanda yetu ilikuwa imebaki nafasi moja. Alitaka mtu mwenye mia moja themanini, mwisho wa mwezi huu wa kumi. Mimi niliyeishia darasa la saba, mama, nimeambiwa hakuna cheti kinachotakiwa, ni namba tu. Sikulala vizuri siku tatu kwa furaha.

Siku ya jaribio la kwanza Mashimba alikuwa kazini, nikaenda na Queen mgongoni. Mama yake Jitesh, anaitwa Jasuben, ni mama mtu mzima amezaliwa hapo hapo Mirongo, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Akampokea Queen, akaingia naye chumba cha pili nyuma ya pazia, akasema yeye anachambua mchele, mtoto atamsaidia. Jitesh akawasha feni kubwa, akaniwekea simu mbele ya macho. Nikaanza.

Dakika tano za kwanza nilicheka moyoni, nikaona mbona rahisi. Namba ilisimama kwenye mia moja tisini na kitu, pale pale Jitesh alipotaka. Dakika ya kumi mapaja yakaanza kuungua. Sasa barabarani mama, mlima ukikuumiza unajua kile kibanda cha chipsi kikifika umemaliza. Mle stoo hakuna kibanda. Hakuna upepo isipokuwa wa feni, hakuna mtu wa kumpita, ni ukuta wenye kalenda na ile saa ya kwenye simu inarudi nyuma taratibu. Dakika ya kumi na nne nikaacha kukanyaga, nikashuka. Jitesh alikuwa ameinama anaangalia mashine, akainuka ameshtuka, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mtoto analia, maziwa yamenijaa. Nikafungua pazia nikamchukua Queen kutoka mapajani kwa Jasuben.

Jitesh alisikitika lakini hakunilaumu. Alisema feni ina kelele, yeye hakusikia kitu, ila mama ni mama. Na wewe nilipokupigia jioni ile nikilia, ukaniuliza nini, nikakuambia vile vile. Kwamba nilikuwa nakaribia kabisa, mtoto akalia. Nikasikia nyuma yako mama Maige anasema masikini.

Siku ya tatu ukatokea mlangoni na kile kikapu chako. Hukupiga hata simu. Ukasema mwaka na miezi miwili inatosha, wewe mwenyewe ulinipeleka kwa bibi nikiwa mdogo kuliko huyo na sikufa, mtoto akiachishwa ziwa anakaa kwa bibi yake na mama anafanya kazi zake. Ukasema hivi, nimeyashika maneno yako: "Nikimchukua huyu, usije ukaniambia tena ulishindwa kwa sababu yake." Mashimba akakushukuru. Mimi nikakaa kimya. Mama, pale ndipo ningesema. Nilikuwa na siku nzima ya kusema, nikakupikia, nikakutandikia, nikakuosha miguu, na sikusema.

Asubuhi ukakata shubiri nyuma ya nyumba ya jirani ukanipaka. Queen akaja kunyonya kama kawaida yake, anaimba kwa pua. Alipoonja akatoa ulimi, akakunja uso, halafu hakulia. Aliniangalia tu. Akaangalia ziwa, akaniangalia mimi tena. Wewe ulicheka ukasema huyu atasahau kesho. Ule uso ndio nimebaki nao, mama. Hata nikipima maziwa ya wateja nauona.

Baada ya hapo nilifanya mazoezi kama mtu anayefukuzwa. Kifua kiliniuma siku nne, nikawa najikamua chooni, halafu maziwa yakakata. Kila alasiri niko stoo ya Mohanlal. Watu wote wakanihurumia na kunisifia, eti dada Rebeka amejitolea, mpaka mtoto amempeleka kisiwani. Jasuben peke yake hakunisifia. Ananisalimia, ananipa chai, anarudi kwenye mchele wake.

Jaribio la pili lilikuwa Jumatano iliyopita. Hakuna mtoto, nimelala vizuri, nimekula vizuri. Mia moja tisini, mia moja tisini na mbili, imesimama. Ikafika dakika ya kumi na nne. Nakuambia ukweli, miguu ilikuwa bado inazunguka. Haikuwa imekataa. Ila niliona zile dakika sita zilizobaki nikawaza, nikimaliza itatoka namba, na ikitoka ndogo itakuwa ndogo kweli, hakuna wa kuibadilisha. Nikashuka.

Jitesh aliichukua simu. Akatafuta akaweka picha mbili, moja ya ile siku ya kwanza na moja ya siku hiyo, moja juu ya nyingine. Programu inachora mstari wa nguvu zako toka mwanzo mpaka mwisho. Akanieleza pole pole kama mtu anayemsomea mwenzake barua, kwamba mtu akichoka mstari wake huanza kuinama, unashuka, unapanda, unayumba, ndipo unakatika. Wangu haukuinama popote. Umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, halafu umekatwa. Ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, karibu dakika ile ile. Alisema ya kwanza hakushangaa, mtoto akilia hata mwenye nguvu anashuka ghafla. Halafu akaniuliza, wala siyo kwa kejeli:

"Leo amelia mtoto gani, dada?"

Nyuma ya pazia nikasikia ungo wa Jasuben umenyamaza.

Mama, Queen hakulia.

Ile siku ya kwanza hakulia hata kidogo. Nilipofungua pazia alikuwa amelala mapajani kwa Jasuben, mdomo wazi, punje ya mchele imemganda shavuni. Nilimwamsha mimi. Nilimnyanyua kwa haraka ili alie, na alipolia nikamwambia Jitesh unaona. Jasuben aliniona. Wiki zote hizi amejua na hakusema, kila siku ananimiminia chai. Mtoto wangu wa mwaka mmoja nimemsingizia, mama, kwa sababu hana mdomo wa kukataa. Na wewe umevuka maji na mguu umevimba kuja kuondoa kizuizi ambacho hakikuwepo.

Nimejiuliza nimejifunzia wapi. Nikakumbuka mtihani wa darasa la saba, siku ya hisabati. Nilikuambia kichwa kinaniuma na baridi inanipiga, ukanifunika blanketi mbili, ukaenda mwenyewe kumwomba mwalimu mkuu. Sikuwa naumwa. Niliogopa tu kuiona namba yangu ubaoni. Miaka yote hii unawaambia watu malaria ndiyo iliyonikatisha shule, na mimi nakuacha uwaambie. Hilo nalo nilitaka nilitoe, lisibaki peke yake.

Jumatano ile ile nilimwambia Mashimba. Nilimngoja anawe mikono harufu ya samaki itoke, nikamwambia yote. Hakunitania. Aliniuliza, kama mtoto hakulia, anafanya nini Ukerewe? Akatoka nje akaanza kutengeneza breki ya baiskeli yangu, na breki ilikuwa nzima.

Kesho yake nilirudi kwa Jitesh nikamwambia kwa mdomo wangu, mbele ya mama yake. Jasuben alisema maneno machache tu. Alisema na yeye aliwahi kuzaa, na siku hiyo alidhani nitasema mwenyewe kabla ya kufika mlangoni. Kisha akaniuliza nimekula. Nikaomba jaribio la tatu. Jitesh akasema nipumzike siku moja, nije Jumamosi asubuhi, yaani leo.

Leo nimekwenda na ile mbeleko ya Queen, ya maua ya njano, ambayo sijaifua toka muondoke. Nikaifunga juu ya simu nisione dakika wala namba. Jitesh akasema hivyo siyo kawaida, mtu anatakiwa aone. Nikamwambia mimi nikiona nashuka. Akaniacha, akasema atanisemesha tu nikizidisha au nikipunguza sana.

Sijui dakika ya kumi na nne ilipita saa ngapi, mama. Kuna mahali nilisikia mapaja yanaungua nikajua labda ni hapo, halafu ikaja nyingine mbaya zaidi, nikajua basi ile ya kwanza haikuwa. Mate yalinidondoka. Nilipiga kelele mara moja kama ng'ombe, nikasikia Jasuben anacheka nyuma ya pazia, na mimi nikataka kucheka pumzi ikakataa. Jitesh aliniambia kaza, nikamwambia nyamaza. Halafu simu ikapiga filimbi chini ya mbeleko na miguu ikaendelea kuzunguka yenyewe, sikujua kama imekwisha.

Wastani ulikuwa mia moja themanini na tatu. Ukitoa zile sehemu tano, inabaki mia moja sabini na nne. Imepungua sita, mama. Jitesh ameituma Arusha kama ilivyo, na mchana huu huu wamejibu kwamba nafasi amepata binti wa Geita mwenye mia moja themanini na moja. Sikulia. Nilimwomba Jitesh anionyeshe mstari wangu. Umeinama dakika ya kumi na sita, umeyumba, umepanda kidogo mwishoni. Mbaya kuutazama kama njia ya mtoto anayejifunza kutembea. Niliutazama mpaka chai ikapoa.

Mia moja sabini na nne. Nimeiandika ukutani kwa chaki, juu ya kitanda. Ni ndogo kweli na haijanifanya kitu. Jitesh ameiweka kwenye programu na tayari imeshanipangia wiki sita, na anasema mwalimu atachagua tena mwezi wa tatu. Nafikiri nitafika. Nasema nafikiri, maana sasa najua natokea wapi.

Mama, sikuombi unisamehe kwa barua, hilo utanifanyia ukiwa umeniona, au utanichapa kwanza, vyovyote. Ninachoomba ni mwanangu. Jumanne siendi na maziwa, Mashimba amebadilishana zamu na Paulo mwenzake, tutapanda feri ya asubuhi sisi wawili tuje kumchukua. Kama utasema akae kwako nitakuelewa, maana nilikupa kwa kukaa kimya, lakini bado nitapanda feri. Najua maziwa hayatarudi. Nitambeba tu. Na siku ya jaribio lijalo nitakwenda naye, Jasuben ameshasema mapaja yapo, na akilia kweli nitashuka, na nitasema ni mimi niliyeshuka.

Nisalimie mama Maige, umwambie asiseme tena masikini, hapana, usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Wasalimie wote wa nyumbani, na yule mbuzi mweupe kama kashazaa. Kanda mguu kwa maji ya chumvi usiku, usibebe ndoo. Mashimba anasema tutakuletea kichwa cha sangara, kikubwa.

Na Queen ukimlaza leo, mwambie sikioni, hata kama haelewi bado, kwamba hakulia. Mwambie mama yake amesema.

Ni mimi mwanao,
Rebeka, mama Queen